Mkate wa kumimina: tega sikio kabla hujaumimina

Kipande alicholeta mwanafunzi wangu Jumamosi kilipendeza machoni. Juu kilikuwa cha rangi ya dhahabu, pembeni cheupe pe. Nilipokikata, kisu kikanata. Nusu ya juu ilikuwa na vitundu vizuri, nusu ya chini imeshikana na kung'aa kama nta ya mshumaa.

"Mwalimu, nimefuata vipimo vyote," akasema, na kwa vipimo ninamwamini. Nikamwuliza aliumimina wakati gani. "Baada ya saa moja na nusu, kama ulivyotuandikia."

Nikatambua kwamba ile karatasi ya vipimo ninayowapa ina pengo. Nafundisha mapishi ya pwani hapa nyumbani kwangu Tanga, mwaka wa 12 sasa, na mkate wa kumimina ndio unaowatoa watu machozi kuliko biriani, kuliko sambusa. Ajabu yake, hauna kitu kigeni hata kimoja. Ni mchele, nazi, sukari, hamira na iliki, vitu vilivyomo katika karibu kila jiko la pwani. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wanauita mkate wa sinia. Leo nataka kueleza kinachotokea ndani ya bakuli, kwa sababu ukishakielewa, saa ya ukutani hutaihitaji sana.

Tuanze na tofauti yake na ngano. Unga wa ngano ukiukanda na maji, protini zake hushikana na kufanya gluteni, kitu cha kuvutika kama mpira. Hamira ikitoa hewa, ule mpira unaizingira kila tone la hewa na kulishikilia. Ndiyo maana donge la mkate wa ngano unaweza kulisahau kidogo, ukalibonyeza likarudi, ukaliumua tena. Mchele hauna gluteni. Hewa inayotoka katika hamira inashikiliwa na uzito wa rojo lenyewe tu: chembe laini za wanga, mafuta na protini ya tui, na ute wa yai ukiutia. Ni nyumba ya povu. Inasimama kwa muda, na muda ukipita inashuka. Basi kazi yote ya mpishi ni kulikamata povu lile likiwa kileleni na kulipeleka kwenye moto ligande.

Rojo hilo huanzia kwenye mchele wenyewe. Kwa mkate mmoja wa sufuria ya inchi 9 mimi hutumia nusu kilo. Chagua mchele ambao wali wake huchambuka. Ule ambao wali wake hushikana utakupa mkate wa kutafuna kama ubani. Mchele wa Kyela una harufu inayoita majirani, lakini huo nauweka kwa wali wa mchana. Uoshe mpaka maji yawe safi, uuroweke usiku kucha, au angalau saa 6. Punje kavu ni ngumu, na mashine huivunja vipandevipande. Iliyoroweka imekunywa maji mpaka kiini, inasagika laini kama maziwa. Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokosea mara ya kwanza: aliroweka kwa saa 2 tu. Alikuwa amebakiza rojo kidogo kwenye kikombe, nikalichovya kwa kidole na kulisugua kwa gumba. Nikasikia mchanga. Chembe kubwa ni nzito, haziwezi kukaa katika povu, zinazama. Ile nta ya chini ilikuwa mchele uliotua.

Nazi nayo ina mambo yake. Chukua nazi kavu. Koroma utapata maji matamu na tui jepesi. Itikise sikioni usikie maji yakicheza. Ukiivunja, onja maji yake kwanza. Yakiwa na ukakasi wa kuchacha, nazi hiyo usiitie kwenye mkate, harufu yake haifichiki hata kwa iliki ya Muheza. Kuna waningojao niseme tui la kopo ni sawa. Ni sawa, ukikosa nazi, ilimradi usome kopo usije ukachukua lililotiwa sukari. Lakini nikikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nyama ya nazi ikidondoka nyeupe kwenye sinia, ile harufu mbichi na tamu inayopanda, huwa najisikia nimeshaanza kula. Kuna kitu kimoja cha kuangalia hapo: ukifika karibu na kifuu, meno ya mbuzi huanza kuparua ile ngozi ya kahawia. Acha hapo hapo. Ngozi ile ndiyo inayoufanya mkate uwe wa kijivu, na watu husingizia mchele.

Mimina maji ya vuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, kikombe kimoja na nusu, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Maji ya baridi hayatoi mafuta vizuri, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda penye baridi, chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa kusagia tunataka tui zito la kwanza. La pili utapikia maharage jioni. Chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, usitupe, kuku wanaijua thamani yake.

Sasa hamira. Bibi yangu aliyenilea Pangani alinisimulia kwamba kabla ya hamira ya pakiti kuenea, mikate ya mchele iliumuliwa kwa tembo la mnazi. Inaeleweka: utomvu wa mnazi ukishagemwa huingiwa na chachu za hewani na kuanza kuchemka ndani ya saa chache tu. Wapishi wa Kerala, India, ng'ambo ya bahari hii hii, wana mkate wao wa mchele na nazi unaoitwa vattayappam, wenye iliki, ambao kwa asili huumuliwa kwa tembo. Na Goa, huko huko India, wana sanna, nao ni wa mchele na tembo, hupikwa kwa mvuke. Ukiweka kipande cha vattayappam karibu na kumimina yetu utadhani wamezaliwa tumbo moja. Mnazi, mchele na iliki vimesafiri na majahazi ya kusi na kaskazi kwa karne nyingi, na kila bandari ikashika mkono wake.

Hamira ni kiumbe hai. Inapenda joto la kati ya nyuzi 25 na 35, ambalo hapa kwetu tunalipata bure, na ikifika kwenye nyuzi 55 au 60 inakufa. Nililijua hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo niliahidi mikate 4 kwa maulidi ya jirani. Nikatia mchele, tui likiwa bado la moto, sukari na hamira, vyote pamoja kwenye blenda, nikasaga muda mrefu kwa kutaka ulaini. Jagi likapata joto mpaka siwezi kulishika vizuri, maana visu vinavyozunguka kwa kasi vinatoa joto lake vyenyewe. Nikafunika bakuli, nikangoja. Saa 2 zikapita, rojo limelala kama uji uliopoa. Niliiua hamira kwa mkono wangu, na wageni walikuwa tayari mlangoni. Tangu siku ile nasaga mchele na tui kwa vipindi vifupi, nasimama, nashika jagi. Likiwa na joto kama la kiganja changu au chini yake, ndipo natia hamira, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na sukari vijiko 2 vya chakula tu. Nazungusha mara moja, basi.

Sukari iliyobaki, na jumla yake kwa nusu kilo ya mchele ni gramu 150 hivi, naitia baadaye. Sukari nyingi huvuta maji kutoka kwenye hamira na kuichelewesha. Ukiimwaga yote mwanzoni mkate utaumuka, ila polepole, na rojo litaanza kuchacha kabla halijajaa. Wengi hutia gramu 250, na utamu huo kwangu unaiua ladha ya nazi. Iliki nane au kumi, zimenywe, mbegu zitwangwe palepale. Iliki iliyosagwa ikakaa kabatini miezi inabaki na rangi bila roho. Chumvi, bana kwa vidole viwili.

Rojo linapotoka kwenye blenda liwe zito kiasi cha kuifunika nyuma ya kijiko, na ukipitisha kidole ibaki njia. Jepesi zaidi ya hapo halishiki povu. Lifunike kwa kitambaa.

Hapa ndipo karatasi yangu ya vipimo ilipokuwa na pengo. Niliandika "saa moja na nusu". Saa moja na nusu ya Juni, upepo wa kusi ukivuma? Au ya Februari, wakati hata sakafu ina joto? Bibi hakuwa na saa jikoni. Alikuwa akiinamisha kichwa juu ya bakuli, sikio karibu kabisa, akafumba macho. Siku moja akaniita: "Njoo mwanangu, sikiliza. Unachemka bila moto." Nikainama. Kweli, kulikuwa na mlio mdogo sana, kama mvua nyepesi juu ya makuti: vipovu vya hewa ukaa vikipasuka kimoja kimoja.

Nilipokuwa mkubwa nikajifunza kuusoma mlio ule. Mwanzoni bakuli liko kimya, uso wa rojo ni laini. Kisha vinatokea vipovu vya pembeni, halafu vya katikati, na uso unapanda na kujikunja kama tumbo la chungu. Mlio unakuwa wa haraka, wa pamoja. Hicho ndicho kilele, na hakikai muda mrefu. Jikoni kwangu ni kama dakika 10 au 15. Ukikipita, utaona katikati panabonyea, vipovu vidogo vimeungana kuwa vikubwa, mlio umepungua na kuwa wa hapa na pale, na harufu ya utamu imeingiwa na ukali. Rojo la mwanafunzi wangu lilifika huko wakati yeye akiitazama saa. Lilishabonyea, chembe zimeshaanza kutua. Kwenye joto la mchana ule dakika 50 zingemtosha.

Kabla kidogo ya kilele, tia sukari iliyobaki na ute wa yai moja uliopigwa mpaka ukatoa povu. Changanya kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, taratibu, mara saba au nane. Rojo litashuka kidogo. Liache dakika 15 lijirudi, tega sikio tena, kisha mimina.

Sufuria nayo isingojewe. Iwe imeshapakwa samli na iko motoni, kiasi kwamba tone la rojo likidondoka linalia. Wanga wa mchele huvimba na kuganda kwenye nyuzi 70 na ushei, na mpaka ufike hapo hakuna kinacholishika lile povu. Sufuria baridi inaupa mkate nafasi ya kuanguka huku unapashwa moto. Mimina kwa mkupuo mmoja kutoka karibu, funika, moto mdogo, dakika 10. Ukifunua utaona vitundu vimefunguka usoni, vingi na vidogo, kama sega la nyuki. Nikiviona hivyo moyo wangu hutulia kila mara.

Halafu moto wa juu. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa ya chini, weka mfuniko wa bati, upalie makaa juu yake. Ya juu yawe karibu mara mbili ya ya chini. Dakika 20 au 25, na unafunua kwa koleo mara moja tu kuangalia rangi. Kwa oveni, nyuzi 180, nusu saa. Mwenye jiko la gesi lisilo na moto wa juu amalizie chini kwa mfuniko uliofungwa kwa kitambaa ili maji ya mvuke yasidondoke. Utakuwa mweupe juu, lakini utaiva. Chomeka kijiti katikati, kitoke kikavu.

Uache upoe kabla ya kukata, robo saa angalau, la sivyo utanata hata kama umeiva sawasawa, kwa kuwa wanga bado haujatulia. Ule siku hiyo hiyo na chai ya rangi, au wakati wa futari na mchuzi wa kuku wa nazi, kama mnavyopenda kwenu. Wale ambao ngano inawadhuru matumbo watakula bila hofu, maadamu vyombo havikugusana na unga wa ngano. Una sukari na una mafuta ya nazi, kwa hiyo mwenye kisukari apime kipande chake, asidhani mchele wa nyumbani ni dawa.

Ukibaki, usiuweke kwenye friji. Baridi ya friji huukaza wanga wa mchele haraka kuliko mezani. Ufunge kwa kitambaa, na asubuhi uweke vipande juu ya mvuke wa sufuria ya chai kwa dakika 3. Mwanafunzi wangu amerudi jana na mwingine, ameuleta bado una joto. Nimeukata mbele yake. Vitundu kutoka juu mpaka chini.