Kandideti wako anakesha na tembe? Maswali ambayo huwa naulizwa

Msimu wa mitihani ukifika hapa Kisumu naanza kupokea mgonjwa wa aina moja. Form four, macho mekundu, mikono inatetemeka, moyo unadunda mbio, na mama amemshika bega ananiambia "daktari, huyu alikuwa anasoma tu." Wa juzi alikuwa msichana, kwa begi mikebe mitatu ya enaji drinki, nusu pakiti ya tembe za kukaa macho, na daftari la bayolojia ambalo mwandiko umeanza vizuri ukaishia kama kuku amepita hapo. Nikamuuliza ukurasa wa mwisho ulikuwa unahusu nini. Hakujua.

Ukisoma kitu kinakaa wapi kwa ubongo?

Ubongo uko na seli za neva kama bilioni 86, na pale seli moja inapopokezana ujumbe na nyingine panaitwa sinepsi. Ukijifunza, sinepsi zilizotumika zinapata nguvu. Nguvu ya muda mfupi haihitaji mengi, ile ya kudumu mpaka siku ya mtihani inahitaji protini mpya.

Protini si ni ya chakula? Mimi humpikia omena na mayai.

Endelea kumpikia, lakini hiyo ni malighafi tu, seli ndiyo hujitengenezea protini zake. Sasa seli moja inaweza kuwa na maelfu ya sinepsi, protini zikitengenezwa zote pale karibu na kiini cha seli zitajuaje ni sinepsi gani imesoma na gani haijasoma? Mwaka wa 1982 Oswald Steward na William Levy waliona ribosomu, yaani mashine za kutengeneza protini, zimekaa chini ya sinepsi zenyewe, mbali kabisa na kiini. Chukua mama chapati wa Kondele. Unga ameshakanda, madonge yamefunikwa, jiko liko tayari, lakini hasukumi mpaka mteja aje. Hayo madonge ni RNA mjumbe, nakala za maagizo zilizosafirishwa kutoka kwa kiini zikiwa zimefungwa zisisomwe ovyo. Sinepsi ikipata ujumbe wa nguvu, kalsiamu inaingia, kifungo kinafunguka, protini inatengenezwa hapo hapo. Sinepsi ya jirani iliyokaa kimya haipati kitu. Mwaka wa 1996 Hyejin Kang na Erin Schuman walitenganisha sinepsi za panya na miili ya seli, na bado zikapata nguvu zilipowekewa kemikali ya ubongo inayokuza neva. Walipozuia utengenezaji wa protini, nguvu hiyo ikakosekana.

Na usingizi unaingilia wapi?

Hapo ndipo nilikuwa nangoja. Katika utafiti uliotoka 2016, panya walinyimwa usingizi masaa 5 tu, masaa 5, na utengenezaji wa protini ukashuka kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, na wakasahau walichofundishwa. Watafiti walipoongeza protini moja inayosimamia kazi hiyo, kumbukumbu ikaokoka. Najua panya si kandideti, lakini yule msichana na daftari lake nilimwona kwa macho yangu. Ukikesha jiko linapoa na madonge yanabaki madonge.

Si tembe zinamweka macho?

Macho, ndiyo. Kukaa macho na kukumbuka ni vitu viwili. Alale.

Miraa kidogo je? Ama kahawa ya saa nne usiku?

Masaa 5 baadaye karibu nusu ya ile kafeini bado iko mwilini. Miraa nayo inapandisha mapigo ya moyo na kumaliza hamu ya kula, halafu mnaniletea mtoto hajala siku mbili. Alale.

Usiku mmoja tu, kesho ni hesabu?

Hasa kama kesho ni hesabu. Alale! Umri wake unahitaji masaa 8 mpaka 10. Zile shule zinazoamsha watoto saa kumi alfajiri leo sitaki hata kuzianza.

Alianguka akatetemeka mwili mzima, tungoje amalize mtihani?

Hapana. Mlete leo. Kukosa usingizi kunaweza kuamsha kifafa, na nimechoka kuona mtoto akifika siku ya nne ameshapitishwa kwa mitishamba na mikesha mingine ya maombi. Maombi yafanyeni kwa gari mkija. Akiwa anatetemeka mlaze kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimshikilie kwa nguvu, na ikifika dakika 5 bado haijaacha msingoje isimame, mkimbizeni hospitali ikiendelea hivyo hivyo.

Zile tembe zilizobaki naweza kumwekea mdogo wake, yuko form three?

Hili aliniuliza mama wa yule msichana, tayari ameshika mlango. Nilirudi nikafungua begi mwenyewe nikazichukua zote.