Acheni kukatakata sentensi

Wiki hii rasimu imerudi tena kutoka kwa mteja, na pembeni kuna maoni yaleyale kwa wino mwekundu: "Ndefu mno. Gawanya." Nahariri vipeperushi vya afya kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na ni nadra mwezi kupita bila mtu kunieleza kwamba saikolojia imethibitisha akili ya msomaji inataka sentensi fupi. Nimechoka kulijibu hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika.

Sentensi iliyoleta mzozo ni ya kipeperushi cha dawa mseto ya malaria, ya mtu mzima: "Ukimeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, meza ya pili masaa 8 baadaye, yaani saa 12 jioni, kisha kuanzia kesho yake meza asubuhi na jioni kwa siku mbili, mpaka dozi zote sita ziishe."

Mteja akaigeuza hivi: "Meza dozi ya kwanza. Meza dozi ya pili baada ya saa 8. Endelea asubuhi na jioni. Maliza dozi."

Inapendeza kuitazama. Nikaichapa, nikaipeleka kwa mama anayeuza mboga genge la jirani, nikamwomba aisome yote. Akaisoma bila kukwama popote. Nikamuuliza, "Mama, hiyo dozi ya pili utaimeza lini?"

"Si wameandika saa nane, mwanangu? Nikishakula mchana."

Amesoma kilichoandikwa. Saa 8 kwetu ni mchana, au usiku wa manane, kabla haijawa kitu kingine chochote. Sasa piga hesabu. Aliyeanza dawa saa 4 asubuhi atarudia baada ya masaa 4 tu. Aliyeanza saa 2 usiku atasubiri mpaka kesho mchana, masaa 18. Sentensi ya maneno manane, haina neno gumu hata moja, na imewapoteza wote wawili.

Hapo linaingia suala la "masaa", na sitalipita haraka. Kila mara nikiliandika, kuna mtu analifuta na kunikumbusha kwamba saa iko ngeli ya I-ZI, kwamba wingi wake ni saa, na kwamba masaa ni Kiswahili cha mitaani. Sarufi hiyo naijua na nimeifundisha. Lakini msikilize mtu yeyote kituo cha daladala. Akisema "nimesubiri masaa mawili" hakuna anayedhani anataja saa mbili asubuhi. Wazungumzaji wamejitengenezea njia ya kutenganisha muda unaopita na saa ya ukutani, kwa sababu mfumo wetu wa kuhesabu saa unazigonganisha kila siku. Akili ya msomaji inaishika tofauti hiyo papo hapo, bila kufikiri. Sisi wahariri tunaifuta kwa jina la usanifu, halafu tunashangaa wagonjwa wanachanganya dozi. Kwenye insha ya mtihani, andika saa. Kwenye karatasi ya dawa nitaandika masaa, na nitaongeza mfano wenye saa ya ukutani ili hata asiyelipenda neno asipotee.

Tuje kwenye saikolojia yenyewe. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hushika mafungu kama saba hivi. Mwenzake Nelson Cowan, mwaka 2001, akaishusha idadi hadi karibu manne. Neno la kuangalia hapo ni mafungu, yaani vitu ambavyo akili imevifunga pamoja na kuvishika kama kimoja, wala si idadi ya maneno. Kinachomchosha msomaji ni vitu anavyolazimika kuvishika mkononi huku akisubiri kujua vinaenda wapi. Soma hii: "Utekelezaji wa zoezi la utoaji wa elimu ya matumizi sahihi ya vyandarua vyenye dawa katika ngazi ya kaya unaendelea." Si ndefu sana, lakini umebeba utekelezaji, zoezi, utoaji, elimu, matumizi na vyandarua, na kila kimoja kimekuletea ngeli yake, mpaka "unaendelea" inapofika na kukutaka ukumbuke ile U ilikuwa ya nani. Sasa hii: "Wahudumu wanaendelea kupita nyumba kwa nyumba, wakifika wanakaa na wenye nyumba, wanawaonyesha namna ya kutumia vyandarua vyenye dawa, na wakiulizwa maswali wanajibu." Hii ni ndefu zaidi, na haimlemei mtu, kwa sababu kila kitenzi kinapokuja unautua mzigo uliokuwa nao. Sisi tumelelewa na ngano za "akaenda, akafika, akamkuta". Mtoto wa miaka mitano anaifuata sentensi ya namna hiyo mpaka usingizi umchukue.

Na tafadhali msiniletee alama za programu za kupima wepesi wa maandishi. Nyingi zinafuata kanuni aliyoitoa Rudolf Flesch mwaka 1948, inayohesabu urefu wa sentensi na silabi za maneno, nayo ilitungwa kwa Kiingereza. Chukua "hatutakupelekea". Ni neno moja la silabi nane, na ndani yake mna ukanushi, sisi, wakati ujao, wewe, na kitendo chenyewe. Programu italiita gumu. Muulize bibi yako kama ni gumu.

Kinachoumia zaidi tunapokata ni viunganishi. "Homa itashuka. Endelea na dawa. Vimelea bado vipo." Msomaji anapewa matofali bila udongo. Mwandishi haoni pengo kwa sababu uhusiano wa mambo hayo matatu uko kichwani mwake tayari. Andika: "Hata homa ikishuka siku ya pili, endelea na dawa mpaka iishe, kwa sababu vimelea vinaweza kuwa vimebaki kwenye damu." Yale "hata" na "kwa sababu" ndiyo yanayomzuia mtu kuhifadhi vidonge viwili kabatini kwa ajili ya safari nyingine.

Wanasaikolojia Susan Haviland na Herbert Clark walilipima jambo hili mwaka 1974. Waliwapa watu sentensi kwamba bia ilikuwa ya moto, wabonyeze kitufe wakishaelewa. Iliyotangulia ikiwa imetaja bia iliyotolewa kwenye buti ya gari, walielewa haraka. Iliyotangulia ikitaja tu vitu vya mandari, walichelewa, kwa kuwa ilibidi wajijengee daraja wenyewe: kumbe miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na bia. Sentensi ni ileile, urefu uleule. Kwa hiyo anza na analolijua msomaji, kisha mpe jipya. Kuhusu namna ya kumvutia msomaji, sina zaidi ya hili: mgonjwa amekuja na swali lake, lijibu kwenye mstari wa kwanza, salamu na utangulizi acha.

Nina mashaka yangu pia. Mwaka 1996 watafiti wa usomaji Danielle McNamara, Walter Kintsch na wenzao walionyesha kwamba wasomaji wenye ujuzi wa mada waliielewa kwa kina zaidi pale matini ilipoachwa na mapengo, kwa sababu walilazimika kuyaziba wenyewe. Kipeperushi changu anakisoma mgonjwa na anakisoma muuguzi. Ninayemwandikia ni mgonjwa, na siku nyingine najiuliza kama simlazi muuguzi usingizi. Tena majaribio haya niliyoyataja yalifanywa kwa Kiingereza. Naamini upatanisho wa ngeli unamsaidia msomaji wetu kurudi kwenye jina alilolipita, kwa maana "vinavyo-" inamwambia moja kwa moja tunazungumzia vyandarua na wala si elimu. Lakini nikitazama ile sentensi ya utekelezaji naona ngeli hizohizo zikimzamisha. Pengine zinasaidia zikiwa mbili na kuumiza zikiwa sita. Hiyo ni hisia ya mezani kwangu, na ningependa mtu mwenye maabara aipime.

Sentensi ya mteja nimeipeleka kwa watu watano wengine baada ya yule mama. Wanne walisema saa nane mchana. Wa tano ni mfamasia. Majibu yao nimeyaambatisha kwenye rasimu niliyoirudisha jana, sentensi yangu ikiwa nzima na "masaa" yakiwa palepale.