Konisi ya dari: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kona ni nyuzi 90, kata 45 huku na 45 kule, umemaliza." Dhana hii ndiyo imeharibu konisi nyingi Nairobi, yaani ule ukanda wa mapambo unaobandikwa ukuta unapokutana na dari. Ukuta uliopigwa plasta kwa mkono, hasa kwenye fleti zilizojengwa mbiombio, ni nadra kuwa na nyuzi 90 kamili. Kona ikiwa 92, kila kipande kinataka 46. Ukishikilia 45 utabaki na mwanya. Fundi makini hukata kwanza vipande viwili vya mabaki, akavishikilia kwenye kona na kuchungulia. Vikikataa kukutana, anarekebisha kabla hajagusa kipande kirefu. Tena konisi hulazwa kichwa chini ndani ya kisanduku cha kukatia, kile chenye mipasuo ya kuongoza msumeno: upande wa dari chini, upande wa ukuta ukiegemea ubavu. Anayelisahau hilo hukata safi kabisa, ila kwa kona isiyokuwepo.

Wengine huamini konisi huficha ufa. Ule mwembamba, plasta inapokutana na silingi bodi, sawa, utafunikwa. Lakini mbao zilizo chini ya mabati zikicheza kwa joto la mchana na baridi ya usiku, ufa utarudi, safari hii kwenye kiungo cha konisi yenyewe. Doa la maji ndilo baya zaidi. Konisi ya jipsamu, madini meupe yanayosagwa kuwa unga, ikilowa hulainika, na mvua za Machi hadi Mei zikikuta paa linavuja, konisi mpya hufanya rangi ya chai kisha huanza kubanduka. Ziba paa kwanza.

Jipsamu na ile nyepesi ya povu, eti tofauti ni bei tu? Hapana. Karibu asilimia 20 ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya madini. Moto ukiifikia hulazimika kuyafukuza kwanza, na jipsamu yenyewe haiungui. Povu la polistirini huyeyuka na kuwaka. Mimi nisingeliweka juu ya meko. Pia usilibandike kwa gundi ya viatu, kwa sababu viyeyushi vyake hulila. Tafuta gundi iliyoandikwa kwenye mkebe kwamba inafaa polistirini.

Jipsamu hubandikwa kwa unga wake uliokorogwa na maji. Koroga kidogo kidogo. Ukishaanza kuganda, kuongeza maji hakuufufui, kunaudhoofisha tu.

Kuhusu ukubwa: konisi ya sentimita 20 inapendeza kwenye nyumba ya zamani yenye dari ya juu. Sebule yenye dari ya mita 2.4 itaonekana imeinama. Saba hadi 10 zinatosha.

Na usinunue kipimo kamili. Chumba cha mita 14 kuzunguka kinataka 15 au 16, maana kona hula. Ukirudi dukani mwezi ujao kutafuta kipande kimoja, huenda nakshi ile imeisha.