Wataalamu wa vigoga na "mali ya Mjerumani": dhana potofu na ukweli

Dhana: Anayepekua magogo kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, anatafuta mali ya Mjerumani, yaani hazina inayosemekana Wajerumani waliifukia.

Chanzo cha maneno haya kinaeleweka, maana Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea Amani mwaka 1902. Lakini mtaalamu wa vigoga, ile mimea mifupi ya kijani inayofunika mawe na magogo yenye unyevu, hubeba kisu, lenzi ya mkononi na bahasha za karatasi. Hubandua kipande kidogo, hukitia kwenye bahasha, huandika juu yake mahali, mwinuko na mti kilikoota, kisha hukiacha kikauke. Hata baada ya miaka mingi, kikiloweshwa majani yake hukunjuka tena na kuchunguzika kwa hadubini. Mali yake ndiyo hiyo.

Dhana: Vigoga hunyonya mti, kwa hiyo mchungwa ukwanguliwe.

Havina mizizi. Vina vinyuzi vya kujishikiza tu kwenye gome. Maji na madini huvipata kwenye mvua, ukungu na vumbi, na chakula hujitengenezea kwa mwanga. Wakulima wa Muheza, panga ndilo linaloumiza mchungwa, kwani jeraha la gome hufungulia maradhi njia.

Dhana: Utafiti huu haumsaidii mwananchi.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria aliyezaliwa 1933, alifundisha Morogoro na kukusanya vigoga katika milima yetu, Usambara ikiwemo. Kule kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, alipima mimea inayoota juu ya miti, vigoga vikiwa sehemu kubwa. Matokeo aliyochapisha 1980 yalionyesha kuwa katika msitu wa ukungu karibu na vilele, mimea hiyo ikikaushwa hufikia takriban tani 14 kwa hekta, na mvua moja tu ikinyesha, mimea hiyo inaweza kudaka maji hadi lita 50,000 kwa hekta. Msitu ulio chini zaidi mlimani ulikuwa na kama tani 2 tu. Amani iko kwenye mita 900 hivi, kwa hiyo tusizihamishie huko tarakimu za vileleni. Kazi yenyewe ni ileile: maji hushikwa juu, hudondoka polepole, na udongo hubaki mahali pake. Mto Zigi huanzia kwenye misitu ya Amani, huingia bwawa la Mabayani, na anayefungua bomba Ngamiani, mjini Tanga, anakinga maji yake.

Dhana: Vigoga vikikauka kiangazi, vimekufa.

Vingi vimelala. Vinyunyizie maji uone vinavyorudi kijani, mara nyingi ndani ya dakika chache. Kuzaliana ndiko kugumu zaidi, kwa sababu mbegu ya kiume lazima iogelee kwenye maji hadi kulifikia yai. Msitu ukifyekwa, jua na upepo vikaingia, vigoga vya kivulini hutoweka, na anayevijua kwa majina huliona hilo mapema.