Matete yakiwa mabichi, shaba imekwenda wapi?

Swali limerudi tena, safari hii na picha ya Newport Wetlands, hifadhi ya ardhi oevu huko Wales, Uingereza: "Wenzetu walipanda matete juu ya takataka za kiwanda, sumu ikaisha, ndege wakaja. Sisi Lubumbashi tunangoja nini?" Sumu haikuisha, jamani. Matete hayali shaba.

Tena hivyo viwili havilingani. Newport, iliyofunguliwa 2000, ilitengenezwa juu ya mabwawa ya majivu ya makaa ya mawe ya kituo cha umeme cha Uskmouth. Kwetu kuna terili, yaani kilima cha mabaki ya kuyeyusha madini, na vumbi la kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba 1911: shaba yenyewe, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu, aseniki.

Kazi bwawani haifanywi na jani, inafanywa na tope. Likifunikwa na maji mwaka mzima, oksijeni inakwisha. Bakteria wanageuza salfeti (chumvi ya salfa iliyomo majini) kuwa salfidi, nayo salfidi inashika shaba, zinki, risasi na kadimiamu. Majani na mizizi iliyooza nayo inashika shaba sana. Mmea ulio hai unachukua kidogo tu, na sehemu kubwa ya hicho kidogo inabaki mizizini. Kwa hiyo wale wanaotaka matete yakatwe kila mwaka "ili kutoa sumu" watachosha mapanga bure. Metali ziko palepale, zimefungwa.

Na zinaweza kufunguka. Maji yakikauka Septemba, tope linapasuka, hewa inaingia, salfidi inaoksidika, asidi inatoka, shaba inayeyuka. Mvua za kwanza zinaipeleka mtoni. Asiye na maji ya kiangazi asichimbe bwawa.

Sasa kuna jambo ambalo michoro mizuri ya miradi hailionyeshi: aseniki hufuata njia yake. Oksijeni ikikwisha, kutu ya chuma iliyokuwa imeishika huyeyuka, na aseniki inaachiwa majini. Yaani ukinyima tope hewa ili ufunge shaba, unaweza kufungua aseniki! Chokaa nayo inatuliza shaba, lakini pH ikipanda, yaani asidi ikipungua, aseniki inaweza kulegea. Salfidi ikiwa nyingi, aseniki huenda ikashikwa tena. Ikiwa kidogo, la. Hakuna kanuni moja ya kutegemea, na anayekuuzia moja muulize alipima tope la wapi.

Majaribio ya Penga Penga, hapa Lubumbashi, yalikuwa ya nchi kavu: nyasi Microchloa altera, mboji na chokaa. Lengo ni kuituliza sumu ardhini na kuzuia vumbi lisipeperuke. Kusafisha ni kitu kingine.

Ukitembelea bwawa la aina hii, nenda alfajiri kwa ajili ya ndege, ila usiwafanye cheti cha usafi. Usitoke kwenye njia ya mbao. Osha buti kabla ya kupanda gari, na mikono ya watoto kabla hawajala. Samaki waache.

Kisha muulize mwongozaji: Septemba maji yanafika wapi? Na sampuli za maji yanayotoka zinachujwa wapi? Jibu linalofaa ni ukingoni palepale, kwa chujio la mikroni 0.45, halafu matone ya asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Chupa ikisafirishwa hivihivi hadi mjini, chuma kilichoyeyuka majini kinakutana na hewa, kinaganda, kinavuta aseniki na shaba hadi chini. Maabara ikichuja ndipo ipime, itaandika kwamba maji ni safi.