Waziri Hana Mahakama Yake

Kila inapokaribia tarehe 9 Disemba, Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Rushwa, suala hilohilo huletwa ofisini kwetu, Unguja na Pemba: mbona mawaziri hawapelekwi Mahakama Maalum?

Mahakama Maalum ya Katiba, iliyomo katika Ibara ya 125 hadi 128 ya Katiba ya Muungano, kazi yake ni moja tu: kusuluhisha mgogoro wa tafsiri ya Katiba baina ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Haifungi mtu. Tumelieleza hili mara nyingi na tunaomba sasa lishike.

Wanaodhani mahakama ya mawaziri ingekuwa kali zaidi waitazame Ufaransa. Waliiunda yao mwaka 1993, baada ya wagonjwa kutiwa damu yenye virusi vya UKIMWI. Ina majaji 15, na 12 kati yao ni wabunge na maseneta. Mwaka 1999 Laurent Fabius, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliachiwa. Edmond Hervé, aliyekuwa akisimamia afya serikalini, alitiwa hatiani bila adhabu. Christine Lagarde, aliyekuwa Waziri wa Fedha, mwaka 2016 vivyo hivyo, kwa kesi nyengine. Denmark walithubutu zaidi: mwaka 2021 mahakama yao ya mawaziri ilimpa Inger Støjberg, aliyekuwa Waziri wa Uhamiaji, siku 60 za kifungo kwa kuamuru wanandoa vijana walioomba hifadhi watenganishwe kinyume cha sheria. Lakini huko nusu ya waliomhukumu walikuwa majaji wa Mahakama ya Juu, si wabunge.

Na sisi tuliwahi kuwa na Mahakama za Wananchi, tangu 1969, ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Huko tusirudi.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, Ibara ya 36, inampa Rais kinga ya kutoshitakiwa kwa jinai akiwa madarakani. Waziri hamo. Anashitakiwa kama mtu mwengine yeyote.

Utaratibu ni huu. Malalamiko ya rushwa yanapelekwa ZAECA, yaani Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar, kwa mdomo au kwa maandishi. Taja nani, wapi, lini, fedha za mradi gani na nani alishuhudia. "Watu wote wanajua" si ushahidi. Upelelezi ukikamilika, jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Yeye ndiye anayeamua: kufungua kesi, kulirudisha kwa upelelezi zaidi, au kulifunga. Kutoa taarifa ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai, lakini kukosea kwa nia njema si uongo, kwa hivyo msiogope.

Ukiwa na mkataba au risiti, leta nakala. Ya asili baki nayo mpaka mpelelezi aiombe na akuandikie hati ya kuipokea.