Je, wajua habari hufichwaje bila mtu yeyote kutoa amri?

Tukisikia kwamba matajiri wanaendesha vyombo vya habari, wengi wetu tunawazia simu ya usiku: mwenye gazeti anampigia mhariri na kumwambia aiondoe habari fulani. Simu za namna hiyo zimewahi kupigwa, sikatai. Ila kama yote yangetegemea simu, yangejulikana mapema, maana chumba cha habari ni mahali pagumu sana kutunza siri. Mara nyingi hakuna simu. Kila mtu anafanya kazi yake ya kila siku, na gazeti linatoka likiwa na swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mwaka 1968, Marekani ikiwa kwenye kampeni za urais, watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapigakura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao walikuwa bado hawajaamua watampigia nani. Waliwauliza ni mambo gani makubwa serikali inapaswa kuyashughulikia, kisha wakapima ni mambo gani yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo vya habari vilivyowafikia watu hao. Orodha mbili hizo zilikaribia kufanana kabisa. Mtu makini atauliza: nani alimfuata nani? Ndiyo maana miaka ya 1980 Shanto Iyengar na Donald Kinder walifanya majaribio ya kuwaonyesha watu taarifa za habari zilizobadilishwa kidogo, kundi moja likiongezewa habari za jambo moja, jingine za jambo jingine. Baada ya siku chache, jambo lililoongezwa lilipanda kwenye orodha ya mambo yaliyowasumbua watazamaji.

Hii haina maana kwamba msomaji ni debe tupu la kujazwa chochote. Aliyefukuzwa kazi haambiwi na redio kwamba ajira ni shida, anajua. Nguvu ya vyombo vya habari inakuwa kubwa pale ambapo huna macho yako mwenyewe: vita vya mbali, mikataba, benki, sera za nchi nyingine. Huko ndiko wahenga walikosema kweli: asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa, nani anapanga nini kiwepo?

Anza na fedha. Gazeti la kibiashara lina bidhaa mbili: linawauzia wasomaji habari, na linawauzia wenye matangazo wasomaji. Katika magazeti mengi ya karne ya 20, biashara hiyo ya pili ndiyo iliyolipa mishahara. Februari 2015 Peter Oborne, mchambuzi mkuu wa siasa wa Daily Telegraph la Uingereza, alijiuzulu na kueleza sababu hadharani. Mwezi huo dunia nzima ilikuwa ikizungumzia nyaraka zilizovuja kuhusu tawi la Uswisi la benki ya HSBC na wateja wake waliokwepa kodi. Oborne alidai kwamba gazeti lake liliipa habari hiyo nafasi finyu kwa kuogopa kupoteza matangazo ya benki hiyo. Gazeti lilikanusha, likisema matangazo na uhariri havichanganyiki. Tuache nani alisema kweli. Wala si lazima mtu aagizwe: mwandishi anayejua mshahara wake unatoka wapi anaweza kujipunguzia maneno mwenyewe.

Halafu kuna uhaba wa watu. Vyumba vya habari vya magazeti ya Marekani vilikuwa na wafanyakazi wapatao 71,000 mwaka 2008. Kufikia 2020 walibaki wapatao 31,000. Ukurasa lazima ujae, na aliyebaki hana muda. Ndipo inapowasili taarifa iliyoandikwa vizuri, yenye picha, takwimu na nukuu, na namba ya mtaalamu aliye tayari kuhojiwa saa hiyo hiyo. Imetoka kwa watu wa mahusiano ya umma, ambao kazi yao ni hiyo tu. Mkulima aliyeporwa shamba hana idara ya mahusiano.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, kwa sababu humo kila kiungo kinaonekana. Kampuni ya ndizi ya Marekani, United Fruit, ilimiliki ardhi kubwa nchini humo, nyingi ikiwa haijalimwa. Mwaka 1952 serikali ya Rais Jacobo Árbenz, aliyechaguliwa kwa kura, ilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya namna hiyo kwa wakulima na kulipa fidia kwa thamani ambayo wamiliki wenyewe waliitangaza walipolipa kodi. Kampuni ilikuwa imetangaza thamani ndogo sana ili ilipe kodi kidogo. Ikanaswa na karatasi zake yenyewe! Kwa sehemu ya kwanza iliyotwaliwa iliahidiwa dola zipatazo 600,000. Serikali ya Marekani, ikisema kwa niaba yake, ikadai karibu milioni 16.

Huo ni mgogoro wa bei ya ardhi. Wasomaji wa Marekani hawakuupata hivyo. Kampuni ilikuwa imemwajiri Edward Bernays, gwiji wa mahusiano ya umma, naye akapanga safari za waandishi na wahariri kwenda kujionea, wakipokewa na kuongozwa na wenyeji waliochaguliwa. Walirudi na habari za ukomunisti kubisha hodi mlangoni. Wengi wao, naamini, waliandika kwa nia njema: waliandika walichoonyeshwa. Mwaka 1954 mwandishi wa New York Times, Sydney Gruson, alizuiwa na mchapishaji wake asiende Guatemala, baada ya Allen Dulles, mkuu wa CIA, kumtilia shaka. Simu niliyoidharau mwanzoni ilikuwepo hapa, ila ilikuja mwishoni, shamba likiwa limeshalimwa. Mwezi Juni mwaka huo Árbenz aling'olewa katika mapinduzi yaliyopangwa na CIA.

Mbinu nyingine haihitaji kuficha chochote. Januari 1954 kampuni za sigara zilichapisha tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 ya Marekani, zikisema ushahidi wa kuhusisha sigara na saratani haujakamilika na kuahidi kugharamia utafiti. Zilijua desturi ya waandishi ya kusikiliza pande zote mbili, zikajitengenezea upande. Kwa miaka mingi habari nyingi za madhara ya sigara ziliambatana na sauti ya kupinga, na msomaji akabaki akidhani wanasayansi wamegawanyika nusu kwa nusu. Wabunge nao walikuwa na kisingizio cha kungoja.

Umiliki wenyewe sina haja ya kuueleza sana. Mwaka 2018 watangazaji wa vituo vingi vya televisheni vya kampuni ya Sinclair ya Marekani, kila mmoja mjini kwake, walisoma tamko lile lile la kuonya dhidi ya habari zisizo za kweli. Video zao zilipounganishwa, zilisikika kama darasa likiitikia mwalimu.

Na mitandao? Hapo mpangaji wa ukurasa ni programu, na mwenye programu ni kampuni. Februari 2021 Facebook, ikipinga muswada wa Australia wa kuilazimisha ilipie habari, iliondoa habari zote kwenye kurasa za nchi hiyo. Kurasa za idara za afya na za huduma za dharura nazo zikafutika, wakati wa janga la korona. Siku chache baadaye serikali ilikubali kurekebisha muswada, na kurasa zikarudi.